Logi Si Gogo

Gerezani, Kisumu
4 Mei

Kwa binti yangu Sheryl,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha mvua. Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya Dholuo kwa sababu Afande Nasipwondi, anayesoma barua zetu kabla hazijatoka, ni mtu wa Bungoma, na barua asiyoielewa haitoki.

Nina habari. Mwaka jana nilikuambia nimejiunga na shule ya humu ndani. Sikukuambia nimefika wapi, niliogopa utacheka. Nyathina, mtoto wangu, nimesajiliwa. Novemba nitafanya mtihani wa kidato cha nne, ule ule utakaoufanya wewe, siku ile ile, saa ile ile. Nina miaka arobaini na mbili na magoti yangu hayaingii chini ya dawati, lakini nimesajiliwa.

Shida ni moja. Ondiek, mfungwa mwenzetu aliyekuwa akitufundisha hesabu, amehamishiwa gereza lingine. Ametuacha katikati ya logi. Siku alipoandika "log" ubaoni, sisi wa karakana ya mbao tulidhani anasema gogo, na mmoja wetu akauliza ni la mvule au la mkaratusi. Ondiek alicheka mpaka akakaa chini. Sasa hayupo wa kutucheka.

Kitabu kinasema: panua log (x³y/z). Jibu liko kurasa za nyuma, njia yenyewe haiko. Je, mnafundishwa hizi? Kama una nafasi, niandikie. Kama huna, soma zako, sitakasirika.

Baba yako,
Obonyo Ooko

*

Shuleni, Muhoroni
11 Mei

Kwa afande atakayesoma kwanza: shikamoo. Mimi ni Sheryl Achola, binti ya Obonyo Ooko. Baba alikuwa dereva wa trekta ya miwa hapa Muhoroni, mpaka trela lilipochomoka barabarani likamuua mtu. Alifungwa miaka mitano na huu ni wa tatu. Hii ni barua ya hesabu tu. Tafadhali ipite.

Baba,

Sikucheka. Nilijifungia bafuni kuisoma barua yako, na nilipotoka nikawa siwezi kutulia. Mtihani mmoja, mimi na wewe. Sijui mtu mwingine hapa shule nzima aliye na kitu kama hicho.

Sasa sikiliza. Logi ni swali. Log 100 inauliza: utazidisha kumi ngapi ili upate mia? Mbili, yaani 10 × 10. Kwa hivyo log 100 ni 2. Log 1000 ni 3. Sasa zidisha 100 kwa 1000, upate 100,000. Logi yake ni 5. Na 2 + 3 ni ngapi? Umeona? Kuzidisha kulikokuwa ndani, kukitoka nje kunakuwa kujumlisha.

Kugawanya kukitoka nje kunakuwa kutoa. Na kipeo, ile namba ndogo inayokaa juu, kinashuka na kusimama mbele ya logi. Kwa hivyo:

log (x³y/z) = 3 log x + log y − log z

Huko ndiko kupanua. Kitu kimoja kilichofungamana unakifungua mpaka kila herufi isimame na logi yake. Fanya hizi tatu unirudishie:

log (a²b⁵)
log (p/q⁴)
log 100m

Binti yako,
Sheryl

*

Gerezani, Kisumu
24 Mei

Kwa Sheryl Achola,

Barua yako ya tarehe 11 kwa mfungwa Obonyo Ooko imezuiliwa.

Ina herufi a, b, p, q, x, y na z, zingine zikiwa na namba ndogo juu yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimewahi kuona barua zenye namba, na namba hizo zilikuwa ni saa, mlango, na idadi ya askari wa zamu.

Hasa nataka kujua maana ya "log 100m". Ni mita mia kutoka wapi? Upande wa mashariki tuna ukuta ambao uko kama mita mia kutoka barabarani.

Eleza kwa maandishi kabla ya kuisha kwa majuma mawili. Usipoeleza, barua itapelekwa kwa mkubwa wangu.

Nasipwondi
Afisa wa barua na maslahi ya wafungwa

*

Shuleni, Muhoroni
30 Mei

Kwa Afande Nasipwondi,

Shikamoo. Nilipopata barua yako niliogopa. Baadaye nikaisoma tena pale unapotaja ukuta, na nisamehe, nikacheka.

Afande, m si mita. m ni namba yoyote ambayo bado hatujaambiwa. Log 100m maana yake ni logi ya mia ikizidishwa kwa hiyo namba. Ukiipanua inakuwa log 100 + log m, yaani 2 + log m. Hapo hakuna ukuta.

Usiniamini kwa maneno. Fanya m iwe 10. Mia kwa kumi ni elfu, na logi ya elfu ni 3. Upande wa pili, 2 ukiongeza log 10 ambayo ni 1, unapata 3. Sawa? Sasa jaribu mwenyewe, m ikiwa 1000.

Kama bado una shaka, ichukue barua uende nayo darasani kwao, umwambie Baba azifanye zile tatu mbele yako. Mtu anayepanga kutoroka hawezi kukosea vile yeye atakavyokosea.

Kwa heshima,
Sheryl Achola

*

Gerezani, Kisumu
15 Juni

Nyathina Sheryl,

Umesababisha mambo huku.

Jumanne tumekaa darasani bila mwalimu, kila mtu anakodolea kitabu, mara Afande Nasipwondi akaingia na barua yako mkononi. Tulisimama wote. Akasema, "Obonyo, njoo hapa mbele." Nikajua nimekwisha, ingawa sikujua kwa kosa gani. Akanisomea maelezo yako, polepole, kama mtu anayesoma Injili kanisani. Kisha akaandika ubaoni log (a²b⁵), akanipa chaki. "Panua."

Niliandika 2 log a + 5 log b. Akaangalia barua, akaniangalia mimi. Akaandika ya pili. Nikaweka log p − 4 log q. Akaandika ile ya mita mia. Nikaandika 2 + log m.

"Kumbe si ukuta," akasema.

Watu walicheka, na yeye akacheka. Halafu akatuambia kwamba shuleni kwao hesabu ilimshinda, na miaka yote alisingizia ukali wa mwalimu. Sasa kila Jumanne anakuja na kiti chake, anakaa nyuma. Anasema anatulinda, lakini ana penseli.

Nikuambie kitu, Sheryl. Sikutaka kamwe kutaja trela katika barua. Lakini nilipokuwa pale ubaoni niliona trekta ikivuta matrela mawili ya miwa, na kazi yangu ilikuwa kuchomoa pini taratibu, moja baada ya nyingine, kila trela lisimame mahali pake bila kumgonga mtu. Mkono wangu ukatulia. Sijawahi kutulia hivyo tangu siku ile.

Na nimegundua moja ya kwangu mwenyewe. Kama kuzidisha kunafunguka, kujumlisha si ndiko rahisi zaidi? Kwa hivyo: log (x + y) = log x + log y. Wenzangu wamekubali wote. Tumeiandika kubwa ukutani.

Baba yako anayejivuna leo,
Obonyo

*

Shuleni, Muhoroni
2 Julai

Baba,

Hiyo ya ukutani ifuteni leo, kabla hamjala.

Jaribu kwa namba. 100 + 1000 ni 1100. Logi ya 1100 ni tatu na nukta kidogo tu. Lakini log 100 + log 1000 ni 5. Tatu si tano. Alama ya kujumlisha ikiwa ndani ya mabano, haifunguki. Iache kama ilivyo. Mwalimu wetu anasema kila mwaka watahiniwa wanaanguka hapo, kwa hivyo usione haya. Mimi mwenyewe niliandika hivyo kidato cha tatu.

Nyongeza: kipeuo cha pili, ile alama ya √, ni sawa na kipeo cha nusu. Kwa hivyo nusu inashuka mbele kama namba nyingine yoyote.

Nami nina la kusema. Muhula wa kwanza nilipata D ya hesabu. Ulipoomba msaada sikujua hata nusu ya niliyokuandikia. Nilikimbia kwa mwalimu, nikamsumbua siku nzima, ndipo nikakuandikia kana kwamba nilizaliwa nayo. Wiki jana nimepata B. Mwalimu aliinua karatasi yangu darasani akauliza kimetokea nini.

Wasichana wa bweni wanauliza namwandikia nani hesabu kila mara. Nimewaambia ni binamu yangu, yuko Port Victoria kwa Mama. Hapa wanajua Baba anafanya kazi mbali. Natumai unaelewa.

Sheryl

*

Gerezani, Kisumu
20 Julai

Sheryl,

Tumeifuta. Afande mwenyewe alishika kitambaa. Alikuwa ameinakili kwenye daftari lake, akakata mstari juu yake kwa hasira kabisa.

D yako sikuijua, na B nimeisoma kwa wenzangu kwa sauti. Walipiga makofi kama harambee.

Binamu yako wa Port Victoria anakusalimu. Anaelewa.

Agosti na Septemba huenda nisiandike. Usiulize sababu, na usiwe na wasiwasi. Soma.

Obonyo

*

Shuleni, Muhoroni
6 Oktoba

Baba,

Miezi miwili na zaidi, kimya. Ulisema nisiulize, sikuuliza. Lakini kila barua zikigawanywa hapa ofisini nasimama pale mpaka ya mwisho itoke.

Ni lile neno binamu. Najua. Niliandika haraka, na niliporudi ofisini kuitafuta barua ilikuwa imekwisha chukuliwa. Tafadhali niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa logi.

Sheryl

*

Gerezani, Kisumu
14 Oktoba

Kwa Sheryl Achola,

Nakurudishia barua yako ya tarehe 6 ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Sheria inaniruhusu kufungua barua za wafungwa, na Obonyo Ooko si mfungwa tangu Ijumaa. Jaji alipitia kifungo chake na kuamuru sehemu iliyobaki aitumikie nje, akiripoti kwa afisa wa probesheni. Yuko kwa ndugu yake, huko Kisian. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nilidhani unajua. Kama ilikuwa siri yake, basi nimeiharibu, na sijutii sana.

Jambo lingine. Log √x nimepata ½ log x. Nithibitishie.

Nasipwondi

*

Shuleni, Muhoroni
18 Oktoba

Baba,

Uko Kisian. Nimeliandika neno hilo kwenye kiganja: Kisian. Nilipomaliza kusoma barua ya Afande nilikimbia kutoka ofisini mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, na viatu vya darasani. Matroni akaniuliza nimeshinda nini. Nikamwambia Afande amepata ½ log x, na ni sahihi. Alinipeleka kunipima malaria.

Kwa nini hukuniambia? Nakuwekea humu ile barua iliyorudi, ujue nilivyokaa Oktoba hii.

Na mtihani? Umesajiliwa kule ndani. Karatasi yako itakuja kule. Baba, usiniambie umeuacha. Furaha yangu imesimama mguu mmoja mpaka unijibu.

Sheryl

*

Kisian
25 Oktoba

Nyathina,

Barua zako mbili nimezisoma hapa uani kwa baba yako mdogo, na hakuna mtu aliyezisoma kabla yangu. Nilikaa nazo muda mrefu kabla ya kufungua, kwa utamu huo tu.

Sikuandika wala sikukuambia kwa sababu Julai tulisikia jaji atakuja, na nimeona wanaume wakiwaambia watoto wao "narudi" kisha jaji akakataa. Sikutaka uvunjike mwaka wa mtihani. Nilipotoka nikataka kuja kwako siku hiyo hiyo. Mama yako alifika kutoka Port Victoria, bado ananuka dagaa wa omena, akanishika shati mbele ya watu akalia. Halafu akafuta uso akasema, "Obonyo, mtoto ana karatasi mbele yake. Mwache amalize." Wewe unamjua mama yako Rosa. Nikatii.

Habari ya binamu, iache. Ilinichoma siku moja. Siku ya pili nilijiuliza mimi ningesema nini nikiwa na miaka kumi na saba kwenye bweni lenye vitanda vingi. Ningesema hivyo hivyo.

Sasa mtihani. Mkubwa wa gereza aliniambia niende nyumbani nipumzike, nijaribu mwaka ujao kama mtahiniwa wa nje. Nikamwuliza, "Karatasi yenye namba yangu itafunguliwa wapi?" Akasema, "Hapa." Nikamwambia, "Basi mimi nitakuja hapa." Alidhani natania. Hapa Kisian pia wanasema nimerukwa na akili, mtu ametolewa anaomba kurudi. Lakini afisa wa probesheni ameandika ruhusa, na kila asubuhi ya karatasi nitakwenda.

Siku yenu ya kufunga shule nitakuja na Mama kukuchukua. Tutasubiri barabarani, pale dukani kwa soda, mbali na lango. Sanduku nitalibeba. Ukiulizwa, sema mimi ni mtu wa mizigo.

Baba yako,
Obonyo

*

Kisian
8 Novemba

Sheryl,

Nimefanya.

Nilitoka hapa kwa miguu kabla ya joto, nimevaa shati la bluu aliloninunulia mama yako. Langoni kulikuwa na askari mgeni. Akaniambia, "Mzee, leo si siku ya kuona wafungwa."

"Sikuja kuona mtu," nikamwambia. "Nimekuja kuingia."

"Kuingia kufanya nini? Waliomo wanataka kutoka."

Nikampa barua ya probesheni. Aliigeuza chini juu. Nilianza kuhisi saa inaniponyoka, Sheryl, na karatasi ikishafunguliwa haikungojei. Ndipo Afande Nasipwondi akaja anatembea haraka, na akasema jambo moja tu: "Mfungulie. Huyu ni mtahiniwa."

Lango likafungwa nyuma yangu. Harufu ilikuwa ile ile ya uji na dawa ya sakafu. Nikafikiri, na wasiponifungulia tena? Lakini wenzangu walikuwa wamenishikia dawati, wao na sare zao, mimi na shati langu, na mmoja akaninong'oneza, "Tulijua utakuja." Hakuwa anajua. Nilimwona alivyopumua.

Swali la tisa. Nilipoliona nilitaka kusimama:

Panua log (a²√b / 100c).

Niliandika 2 log a. Niliandika + ½ log b. Niliandika − 2, maana mia iko chini. Mkono ukawa unakwenda kuandika + log c, kwa sababu 100 na c zinazidishana na kuzidisha ni kujumlisha. Nikausimamisha. Nikajiambia, Obonyo, matrela yote mawili yako upande wa chini, yote mawili yamefungwa kwenye alama ya kutoa. Nikaandika − log c. Kisha nikakaa kidogo bila kuandika, kwa sababu nilijua dakika hiyo hiyo na wewe uko hapo Muhoroni, umeinamia swali hilo hilo. Sijawahi kuwa karibu nawe namna hiyo tangu nifungwe.

Tulipotoka, wenzangu walichuchumaa kwa mistari uani wahesabiwe, kama ilivyo kila mara. Na mimi bila kufikiri nikachuchumaa pamoja nao. Askari akawa anahesabu kwa kugusa mabega. Aliponifikia hakunigusa. Akasema, "Wewe hapana. Wewe nenda nyumbani."

Nikaenda.

Obonyo

*

Shuleni, Muhoroni
14 Novemba

Baba,

2 log a + ½ log b − 2 − log c. Herufi kwa herufi kama wewe.

Tulipotoka chumba cha mtihani kulikuwa na vita kuhusu swali la tisa. Nusu ya darasa walikuwa wameandika + log c. Lornah, ambaye hashindwi kubishana, akaniuliza nina hakika gani. Nikamwambia nina hakika kwa sababu nimemfundisha mtu hizi tangu Mei, na makosa yake yote nayajua. Akasema, "Yule binamu wa Port Victoria?"

Baba, ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Hakuna binamu. Ni baba yangu. Alikuwa gerezani Kisumu, ametoka mwezi uliopita, na leo amerudi ndani kufanya karatasi hii hii."

Nilihisi masikio yananiwaka. Halafu Lornah akauliza, "Sasa yeye amepata kutoa au kujumlisha?" Sikujua. Wakaanza kubishana juu yako. Tangu siku hiyo, kila barua zikija ofisini si mimi peke yangu ninayesimama pale, ni bweni zima.

Jana barua yako ilifika. Niliwasomea kwa sauti nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Ulipofika kwenye log c niliwaacha wangoje kidogo. Kisha nikasema, "Kutoa." Matroni alikuja kuona ni moto au ni nyoka.

Tunafunga Ijumaa ijayo. Usisimame dukani. Njoo mpaka langoni, na askari akikuuliza wewe ni nani, mwambie.

Binti yako,
Sheryl Achola Obonyo